Kilo za Zipora

"Leo amefika hamsini," alisema Hamidi, huku akimega ugali wa uwele bila kuinua macho.

Sikuzani hakuuliza ni nani. Tangu mvua za kwanza mume wake alikuwa hana habari nyingine ya kuleta nyumbani ila kilo za mwanamke mmoja. Zilianza arobaini na moja, siku mwanamke huyo alipoletwa kwa machela kutoka kambi ya reli ya Zuzu, amekauka kwa kuhara damu, macho yameingia ndani. Zikapanda hadi arobaini na nne. Zilipofika arobaini na saba Hamidi alirudi akipiga mluzi, na mkewe, aliyekuwa uani akipepeta uwele, aliusikia mluzi ule tangu kwenye kona ya nyumba ya jirani yao Batuli akajua kuwa kuna nyama imeongezeka mahali, na si mwilini mwake.

"Bado kumi," Hamidi akaendelea. "Urefu wake ni mita moja na sentimeta sitini. Unaiacha ile mia, unabaki na sitini. Hizo ndizo kilo za mtu mzima wa urefu ule. Akizifikisha anaruhusiwa kwenda kwao."

"Na mimi?" Sikuzani akauliza.

"Wewe una nini?"

"Mimi natakiwa kuwa na kilo ngapi?"

Hamidi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kina cha kisima. "Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi," akasema, akachovya tonge lake kwenye mlenda.

Wakati huo Dodoma ulikuwa mji mchanga. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamefikisha reli yao pale mwaka uliopita, na gari la moshi lilipokuja lilikokota kila kitu nyuma yake: Wahindi wenye maduka, Wayunani wenye kandarasi za kuvunja mawe, askari, na maelfu ya vibarua waliolala kwenye vibanda vya nyasi upande wa magharibi, reli inakoelekea. Sikuzani na Hamidi walitoka Kilimatinde, mji wa misafara ya zamani. Baba yake Sikuzani alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyechoka kutembea, akakaa hapo akauza nguo. Hamidi alikuwa mfagizi wa chumba cha dawa kwenye boma la hukohuko, kijana msafi, mwenye mkono mwepesi wa kufunga vidonda. Walioana, wakazaa watoto wawili, wakawazika wote wawili kabla hawajaanza kutambaa. Reli ilipofika Dodoma, Hamidi akapata kazi kwenye hospitali ya kambi, nao wakahama.

Sikuzani alikuwa mfupi. Jambo hilo halikuwahi kumsumbua, kwa kuwa Mungu alimpa unene wa kulipia ufupi wake. Alikuwa mwanamke wa kujaa, shingo yenye mikunjo, mikono ya mviringo, na alipoingia ngomani kwenye harusi wanawake walimpisha katikati kwa hiari yao. Watu walipomwona walijua kuwa mume wake anamlisha, na Hamidi, enzi hizo, alipenda wajue.

Halafu daktari mpya akaja na mizani.

Ilikuwa mizani ya chuma yenye kibao cha kusimama juu yake, na pembeni daktari alipigilia ukutani ubao wenye alama za sentimeta. Mji mzima ulicheka. Watu walikuwa wamezoea kuona pembe za ndovu zikipimwa, na nta, na magunia ya mtama. Mtu kupandishwa mizani kama mzigo lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini daktari hakuwa na mchezo. Alikuwa amewaona vibarua wakitoka hospitalini kabla hawajapona sawasawa, wakafa njiani kurudi makwao, wakakutwa kando ya reli. Basi akaweka amri yake: mgonjwa hatoki mpaka uzito wake urudi kufanana na urefu wake. Hamidi ndiye aliyefundishwa kupima na kukokotoa, akaipenda kazi ile. Alirudi nyumbani akimkadiria kila mtu anayepita njiani: huyu kilo sabini, yule amezidi, yule pale atakufa mwaka huu.

Mke wake tu ndiye hakumkadiria.

Jina la mgonjwa lilikuwa Zipora. Alikuwa Mkristo wa Mpwapwa, mwanafunzi wa misheni, na mumewe alikuwa akitandaza mataruma ya reli. Ugonjwa uliompata yeye ulianza kwa mumewe, ukamuua, akazikwa hukohuko Zuzu. Haya yote Sikuzani aliyapata kwa Hamidi kidogo kidogo, bila kuuliza, na kila alipopata jipya alilihifadhi kwa uchungu. Aliambiwa Zipora anajua kusoma, akalihifadhi. Aliambiwa Zipora hali nyama ya mafuta mengi, akalihifadhi hilo pia.

Siku moja Hamidi akamwambia, "Mke wangu, chakula cha hospitali ni kibaya. Uji wa mchana una mawe. Ungenipikia kidogo cha kumpelekea yule mgonjwa, na maziwa, na samli kijiko kimoja."

"Yupi?" Sikuzani akasema, ili tu amsikie akilitaja jina.

"Zipora."

Alilitaja kwa upole. Sikuzani akaenda jikoni.

Alipika kuku. Alimpika vizuri, kwa kuwa hakujua kupika vibaya, na alipokuwa akikoroga alijiambia kuwa ni thawabu kumlisha mjane. Lakini alipofika kwenye kupakua, mkono wake ulichagua wenyewe: shingo, mabawa na miguu ikaingia bakulini, mapaja yakabaki. Kesho yake Hamidi akaja jikoni akasimama nyuma yake, akaongeza paja kwenye bakuli kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo Sikuzani alipoketi kula, tonge la kwanza halikufika mdomoni. Akaliweka chini, akawarushia kuku waliobaki.

Ndivyo ilivyoanza. Hakukusudia kufunga. Kila alipoinua mkono kwenda mdomoni alimwona yule mwanamke mwingine naye akiinua mkono wake, akila samli yake, maziwa ya mbuzi aliyemfuga yeye, akijaa.

Akaona afadhali amwone kwa macho kuliko kuendelea kumwaza. Asubuhi moja akamwambia Hamidi kuwa atapeleka chakula mwenyewe, kwani ana safari ya sokoni. Hamidi alisita, kisha akasema vema.

Chumba cha wanawake kilikuwa mwisho wa jengo, kina vitanda vya kamba na madirisha madogo. Zipora alikuwa ameketi kitandani akisuka ukili. Sikuzani alimtazama tangu mlangoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kutaja bei. Alikuwa mrefu. Alikuwa na shingo ndefu, mabega membamba, vifundo vya mikono ambavyo kidole gumba na cha shahada vingeweza kuvizunguka na kukutana. Nywele zimeanza kuota upya. Hakuwa mzuri sana, na hilo lilimuumiza Sikuzani zaidi kuliko kama angekuwa mzuri, maana uzuri ungekuwa sababu.

"Shikamoo, dada," Zipora akasema.

"Marahaba. Nimeleta chakula."

"Umetumwa na bwana mpimaji?"

"Nimetumwa naye," Sikuzani akajibu, bila kusema yeye ni nani.

Zipora alishukuru, akanawa, akala polepole, kwa adabu ya misheni. Sikuzani alikaa kwenye kitanda cha pili akahesabu matonge. Akaona jinsi ngozi ya mkono ilivyong'aa. Akaona kucha zimepata rangi. Zipora alipoinuka kurudisha bakuli, alivuka chumba bila kushika ukuta, akainama, akainuka bila kuhema.

"Umepata nguvu," Sikuzani akasema.

"Nimepata, namshukuru Mungu. Wiki hii nimeanza kuwatekea maji wenzangu. Lakini bwana mpimaji anasema bado kidogo." Zipora akatabasamu na kutazama chini. "Kila siku ananiambia, Zipora, bado kidogo."

Sikuzani akatoka. Njia nzima ya kurudi aliyarudia maneno yale, na kila alipoyarudia yalikuwa matamu zaidi mdomoni mwa yule mwanamke. Bado kidogo. Mtu humwambia hivyo mtoto, au mchumba.

Tangu siku hiyo alipata kazi ya pili, kazi ya kumchunguza Zipora. Alipeleka chakula karibu kila asubuhi, na hakuna daktari aliyewahi kumtazama mgonjwa kama Sikuzani alivyomtazama yule. Alijua ni lini mashavu yalijaa. Alijua ni lini sauti ilitoka kifuani badala ya kooni. Alimkuta siku moja amebeba mtungi kichwani, mkono mmoja tu umeushika, anaimba wimbo wa kanisani huku anatembea, akajisemea moyoni, huyu ana ugonjwa gani?

Jioni Hamidi alisema, "Amekwama. Hamsini na nne, haongezeki. Bado sita."

Alisema bila huzuni. Mtu aliyefurahia kila kilo iliyoongezeka, sasa kilo zimegoma na yeye ametulia tuli, anachokonoa meno. Sikuzani aliliona hilo, hakujua aliweke wapi.

Wiki ileile Hamidi alianza kukata fito. Alizipanga nyuma ya nyumba, akachimba mashimo, akasimamisha kuta za chumba kimoja zaidi na kuanza kukandika udongo.

"Chumba cha nini?" Sikuzani akamuuliza.

"Cha kuni."

"Kuni zinahitaji dirisha?"

Hamidi akatazama lile dirisha aliloliacha ukutani kana kwamba fundi mwingine ndiye aliyeliweka. "Zipate hewa," akasema.

Batuli, jirani yake na shoga yake tangu Kilimatinde, alikuja kuliona jengo hilo, akazunguka mara moja, akaja kuketi naye jikoni. Batuli hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Yule mwanamke amefiwa lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Basi eda yake inakaribia kwisha. Ni Mkristo, hana eda, lakini mume wako ni Mwislamu na anaijua hesabu hiyo. Anamngojea amalize, shoga yangu. Anamlisha na kumngojea." Akamkamata Sikuzani mkono, kisha akaugeuza, akaupima kwa vidole vyake, uso ukambadilika. "Na wewe umefanya nini? Mkono wako umekwenda wapi?"

Sikuzani akauvuta mkono wake ndani ya kanga. Alikuwa akijua. Kanga iliyokuwa ikimbana sasa alilazimika kuikunja mara mbili kiunoni. Pete ya ndoa ilimvuka akiosha vyombo, akaifunga uzi. Lakini mtu aliyelala naye kitanda kimoja, mtu aliyeweza kumkadiria kibarua aliyeko ng'ambo ya reli, hakuwa ameona lolote.

Alianguka kisimani. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, akashika kamba ya ndoo, akaona weupe mbele ya macho, na alipozinduka wanawake wawili walikuwa wamemshika makwapani wakimpeleka hospitalini. Hamidi hakuwapo. Alikuwa ametumwa Zuzu na masanduku ya kwinini, kwani homa ilikuwa imewalaza vibarua wengi kule.

Daktari mwenyewe akampokea. Alikuwa mtu mrefu mwenye upara uliobabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Vua viatu. Panda hapa. Usishike ukuta." Akasukuma vipande vya chuma vya mizani. "Arobaini na mbili. Sasa simama hapa, kichwa juu." Akashusha kibao mpaka kikagusa nywele. "Mita moja na hamsini. Tunaondoa mia, inabaki hamsini. Mwanamke, tunaondoa tena sehemu moja ya kumi. Arobaini na tano. Umepungua kilo tatu chini ya inavyotakiwa, na kwa ngozi hii naona zamani ulikuwa mnene sana. Unakula?"

"Nakula, Bwana mkubwa."

"Huli," daktari akasema. Akamfunua kope, akamwamuru atoe ulimi. "Huna homa. Huharishi. Kwa nini huli?"

Lakini Sikuzani hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa bado na lile neno moja.

"Bwana mkubwa, hiyo sehemu ya kumi, inaondolewa kwa wanawake wote?"

"Wote. Mwili wa mwanamke si wa mwanamume. Na mwenye mifupa miembamba sana naondoa zaidi kidogo, na mwenye mifupa minene naongeza. Haya ni makisio, si amri ya serikali. Hesabu inanionyesha pa kuanzia, halafu namtazama mtu mwenyewe, macho yake, mkono wake, anavyotembea." Akanawa mikono kwenye beseni. "Hamidi anajua hayo yote. Nimemfundisha mimi."

Sikuzani akakaa juu ya benchi. Alikuwa binti wa muuza nguo, na kugawa kwa kumi hakukuwa kazi kwake. Sitini, ondoa sita. Hamsini na nne. Hamsini na nne, ambazo Zipora alikuwa nazo tangu kabla ufito wa kwanza haujakatwa.

Hakukosea, akafikiri. Kwa wanawake wengine wote aliondoa ile sehemu ya kumi. Alikuwa amemsikia akitaja kilo za mke wa msimamizi wa reli, na za wasichana fulani wa Mkonze waliotoka mapema, akashangaa ni chache; sasa alijua kwa nini. Kwa huyu mmoja hakuiondoa. Alimwekea kilo sita juu ya kichwa chake, kilo ambazo mwili ule mwembamba usingezifikia hata kwa samli ya Ugogo nzima, akamfungia ndani kwa kilo hizo, akamlisha, akajenga chumba, akangoja. Wivu aliokuwa nao mpaka siku hiyo ulikuwa wa kubahatisha. Huu wa sasa ulikuwa na hakika.

Daktari alikuwa mbele yake. Neno moja tu lilitosha. Msaidizi anayemdanganya daktari wa Kidachi, kila mtu mjini alijua malipo yake: hamsa ishirini, mapigo ishirini na tano, mbele ya watu, kwa kiboko. Sikuzani alikiona kiboko kile. Alimwona Hamidi amelazwa chini uwanjani, na kwa kitambo kidogo alifurahi. Kisha akawaona watu waliosimama kutazama. Akamwona Batuli. Akawasikia wanawake wa kisimani wakiulizana, amefanya nini, na wakijibiana, ni kwa ajili ya yule mrefu wa Mpwapwa. Mume wake angekuwa mtu aliyechapwa kwa ajili ya Zipora. Makovu ya Zipora yangekaa mgongoni mwake, na yeye Sikuzani angeyapaka mafuta, na kulala nayo, maisha yake yote.

Hilo hakulikubali.

"Bwana mkubwa," akasema, "yuko mgonjwa mmoja mle ndani, mwanamke wa Mpwapwa. Nampelekea chakula. Naona kama amepona."

Daktari alikunja uso. Akaenda mwenyewe kwenye chumba cha wanawake, akarudi na Zipora, akampandisha mizani, akamsimamisha kwenye ubao. Akamshika kifundo cha mkono, akamgeuza.

"Hamsini na nne. Mifupa ya ndege. Huyu ni mzima kabisa. Kwa nini yuko hapa?"

Zipora alimtazama daktari, kisha akamtazama Sikuzani.

"Labda msaidizi alisahau kuitoa ile sehemu ya kumi," Sikuzani akasema. "Wagonjwa ni wengi."

Daktari akasema neno moja la Kidachi lisilokuwa zuri. Akamwambia Zipora anaweza kuondoka na gari la mchana, litakalomshusha Gulwe, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu mpaka kwao. Kisha akaitwa kwenye chumba cha vidonda, akatoka.

Zipora alikaa chini sakafuni akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayetua mzigo, akijifuta kwa kiganja na kulia tena.

"Nina mtoto kule," akasema. "Yuko kwa mama yangu. Nilimwacha ananyonya, sasa atakuwa anatembea. Kila siku nilikuwa nakula mpaka natapika, dada, ili zifike hizo sitini."

Sikuzani alisimama. Alikuwa amemlisha mwanamke huyu kwa chuki, naye alikuwa akila kwa kulazimika, na katikati yao Hamidi akipiga mluzi.

"Mimi ni mke wa Hamidi," akasema.

"Najua, dada."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Ulinitazama sana." Zipora akainuka, akaanza kukunja ukili wake. "Hajanigusa. Hajaniambia neno baya. Alikuwa akija tu kunitazama, kama mtu anayengojea mtama wake ukomae. Nilitaka kukuambia, lakini nikafikiri, nikimwudhi hatanitoa."

"Angekuambia akuoe ungekubali?"

"Mimi?" Zipora alishangaa kweli, na mshangao ule ulimfariji Sikuzani kwa kitambo, kisha ukamuudhi. Ni nani huyu wa kumkataa mume wake?

Akamfungia chakula cha njia, mkate wa mtama na paja la kuku, akamsindikiza mpaka stesheni. Alisema moyoni kuwa ni wema. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona kwa macho yake akipanda. Gari lilipoondoka alisimama pale mpaka moshi ukapotelea upande wa mashariki, ndipo akahisi njaa, njaa kali. Aliingia kwa muuza maharage wa kwanza aliyemkuta, akala bakuli mbili amesimama.

Hamidi alirudi kutoka Zuzu kesho yake, akapita hospitalini kwanza. Alipofika nyumbani uso wake ulikuwa wa kijivu, na kofia ameishika mkononi. Sikuzani alikuwa ameketi katika kile chumba kipya, sufuria zake zote zimepangwa ukutani, moto unawaka katikati, moshi unatokea dirishani.

"Daktari amenigombeza," Hamidi akasema mlangoni. "Nilikosea hesabu ya mgonjwa mmoja."

"Hukukosea."

Hamidi akazungusha kofia mikononi. "Nilitaka apate nguvu kwanza," akasema mwishowe. "Halafu nikawa... Ningekuambia, Sikuzani. Sheria inaniruhusu."

"Sheria inakuruhusu kuoa. Haikuruhusu kumfunga mama wa mtu kwa kilo." Akakoroga chungu. "Nilikuwa mbele ya daktari, Hamidi. Nilikuwa na neno mdomoni."

"Kwa nini hukulisema?"

"Si kwa ajili yako," Sikuzani akajibu, na lilikuwa jibu la kweli.

Hapo ndipo Hamidi akamtazama. Alimtazama mikono, shingo, kanga iliyokunjwa mara mbili, pete yenye uzi, na Sikuzani aliyaona macho yake yakienda kama yalivyokwenda juu ya vibarua, yakikadiria, na yakistuka yalipofika mwisho. Akafungua mdomo aseme kilo. Sikuzani akamnyooshea mwiko.

"Usithubutu," akasema. "Daktari ameshanipima."

Hawakuachana. Watu wengi walidhani wataachana, na Batuli alikuwa tayari amemwandalia shoga yake mahali pa kulala. Lakini Sikuzani hakuwa tayari kumwacha mume wake huru katika mji wenye wanawake. Alichofanya ni kwenda kwa daktari, baada ya mwili kumrudia kidogo, akamwambia uji wa hospitali una mawe na kwamba yeye anajua kupika. Daktari alikwisha kuuona ukweli wa jambo hilo kwa wagonjwa wake, akamweka jikoni. Tangu hapo wagonjwa wanawake walikula kwa mkono wa Sikuzani na kupimwa kwa mkono wa Hamidi, na wakati wa kupima mpishi alikuwa daima na sababu ya kupita pale. Aliijua hesabu kama mumewe. Aliongeza jicho lake. Alimtazama mgonjwa akitembea kutoka kitandani mpaka kwenye mizani, na kabla Hamidi hajasukuma kipande cha chuma yeye alikwisha kusema, "Huyu amepona, mtoe." Hakuna mwanamke aliyekaa mle siku moja zaidi ya uzito wake, na wale waliokuwa wazuri walitoka mapema kidogo.

Unene wake haukurudi wote. Alifika hamsini na moja, akabaki hapo, na daktari akamwambia kuwa kwa mtu wa mifupa kama yake si vibaya. Ngomani walimpisha bado.

Vita vilipokuja, Wadachi walirudi nyuma kuelekea kusini, wakamchukua Hamidi pamoja na masanduku ya dawa. Mwaka ukapita na zaidi. Waingereza wakakaa bomani, njaa ikaingia, na Sikuzani akaanza kuzungumza kama mjane. Siku moja akaja mpagazi kutoka Iringa na habari: Hamidi yu hai, aliugua sana, amebaki mifupa, lakini sasa anapata nafuu, kwani kuna mwanamke mmoja kule, mwema sana, anayemlisha.

Batuli, aliyekuwapo, akanyanyua mikono kumshukuru Mungu. Akageuka amkumbatie shoga yake.

Sikuzani alikuwa tayari anafunga kanga yake kwa safari.

"Iringa ni njia gani?" akamuuliza yule mpagazi. "Na huyo mwanamke, ni mrefu?"